JUMATATU: Kutazama na Kuona

Soma Marko 11:11, 15 na 13:1. Kutazama kwa Yesu kulitofautianaje na kutazama kwa mwanafunzi wake?

Yerusalemu ilijaa wageni wa Pasaka. Mwanafunzi alistaajabia mawe ya hekalu. Yesu alitazama yote, na kesho yake akawafukuza wachuuzi.

Kutoka Mlandege, mjini Iringa, wageni huenda Kalenga kuona fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Wengine hupiga picha, kisha huondoka. Kutembea si dhambi. Lakini fuvu lile ni la mtu, na ukoo wake ungalipo. Jicho lisilojali hugeuza msiba wa jirani kuwa maonyesho (Warumi 12:15).

Swali la kujadili: Ukizuru mahali palipoumiza watu, una deni gani kwao?