Toba ya Nani?

Jumapili ya tarehe 18 Februari 2007, maaskofu wakuu wa Kanisa Anglikana, waliokuwa wakikutana Dar es Salaam, walivuka bahari wakaja kusali Mkunazini, Unguja. Kanisa waliloingia hujulikana na kila mwenyeji wa Mji Mkongwe, awe Mkristo au Mwislamu. Limesimama palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sayyid Barghash na Waingereza. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka huo huo. Sakafuni, mbele ya madhabahu, pana duara linaloonyesha, kwa mapokeo ya wenyeji, mahali uliposimama mti waliofungwa watumwa wakapigwa mijeledi. Mwaka 2007 ulitimiza miaka 200 tangu Bunge la Uingereza lilipopiga marufuku biashara hiyo, na wageni wale walikuja kuyakumbuka hayo.

Siku mbili kabla, huko bara, maaskofu wakuu saba walikuwa wamekataa kushiriki meza ya Bwana pamoja na mwenzao wa Marekani, Katharine Jefferts Schori. Kanisa lake lilikuwa limemweka wakfu Gene Robinson kuwa askofu wa New Hampshire mwaka 2003, naye aliishi waziwazi na mwanamume mwenziwe. Waliolipinga kanisa hilo walilitaka litubu. Kwa hiyo, katika juma moja, neno toba lilisimama mahali pawili: juu ya tendo ambalo leo hakuna Mkristo asiyeliita dhambi, na juu ya tendo ambalo baadhi huliita dhambi na wengine hawaliiti hivyo. Swali lililobaki kati ya mahali hapo pawili ni jepesi kulitamka na zito kulijibu: nani anayetubu, na anatubu nini?

Neno lenyewe limetoka mbali. Edward Steere, askofu aliyesimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini na ambaye pia alikuwa mfasiri wa Maandiko kwa Kiunguja, hakulitunga. Alilikuta vinywani mwa Waislamu, limekwisha komaa. Asili yake ya Kiarabu ni kurudi, na Kiebrania cha manabii nacho kina kitenzi cha maana hiyo hiyo. Kigiriki cha Injili husema metanoia, yaani kugeuka kwa nia. Kilatini kililivisha vazi la adhabu na malipizi, hata Erasmus alipochapisha Agano Jipya kwa Kigiriki mwaka 1516, na mwaka mmoja baadaye Martin Luther akazifungua hoja zake 95 kwa kudai kwamba maisha yote ya mwamini ni toba, wala si kitendo cha siku moja mbele ya kasisi.

Mtoto wa chuoni mwambao hufundishwa masharti ya toba: kuliacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na kama lilihusu haki ya mtu, kumrudishia mwenyewe. Wakristo wa zama za kati walihesabu matatu: majuto ya moyo, ungamo la kinywa na malipizi ya matendo. Hesabu mbili hizi zinatofautiana kwa mengi, lakini katika zote mtendaji ni mmoja. Hapana sharti la kutubu kwa niaba ya jirani. Kisarufi, kitenzi hiki hukubali nafsi zote. Kimaadili, nafsi ya kwanza ndiyo yake.

Kanisa Anglikana limelijua hilo kwa njia ya uchungu. Oktoba 2004, tume iliyoundwa kuutafuta mwafaka ilitoa Ripoti ya Windsor, ikalitaka kanisa la Marekani lieleze majuto kwa kuvunja vifungo vya upendo kati yake na makanisa mengine. Majuto, si toba. Wapo waliosema neno hilo ni dogo mno. Mwaka 2006, katika mkutano wake mkuu huko Columbus, Ohio, kanisa hilo lilieleza majuto na kuomba msamaha kwa kuwaumiza ndugu. Halikusema kwamba kumweka wakfu Robinson kulikuwa dhambi. Mwenye sikio la lugha atauona ufa: kujutia maumivu ya jirani si kulijutia tendo lililomuumiza. Waliokasirika waliiita hila. Huenda pia ilikuwa ukweli. Asiyeiona dhambi hawezi kuitubia, na akilazimishwa kuitubia, atakuwa amesema uongo mahali patakatifu.

Hapa ndipo panapofaa kuzisikiliza pande mbili kabla ya kuzihukumu, maana kila upande umezoea kuusikiliza mwangwi wake. Wanaoshikilia mafundisho ya kale husema Kanisa si mwenye mali, ni mwekewa amana. Sheria ya Walawi, barua ya Paulo kwa Warumi na ile ya kwanza kwa Wakorintho zimenena. Ndoa ya mume na mke imewekwa katika Mwanzo, na Yesu mwenyewe aliirejelea alipoulizwa juu ya talaka. Mganga anayemwambia mgonjwa kwamba ni mzima amemnyima dawa. Kuifuta dhambi katika orodha si huruma, bali ni kuufunga mlango wa toba mbele ya anayeuhitaji.

Wanaotaka mafundisho yabadilike hujibu kwamba Paulo aliishutumu tamaa isiyo na breki, wala hakuwa na habari ya watu wawili waliofungana kwa ahadi ya maisha. Maneno mawili ya Kigiriki aliyoyatumia kwa Wakorintho yanabishaniwa na wataalamu hadi leo. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hukutana hapo na neno walawiti, neno lililobeba jina la Nabii Lut na maangamizi ya mji wake, ingawa Ezekieli alipoihesabu dhambi ya Sodoma alitaja kiburi, shibe na kumsahau maskini. Mganga anayemwambia mzima kwamba ni mgonjwa, wanasema, atamnywesha sumu.

Ukizisikiliza vyema pande hizi, utagundua kwamba zinakiogopa kitu kimoja: toba ya uongo. Mmoja anachelea toba iliyokosekana pale ilipopasa. Mwingine anachelea toba iliyotozwa pale isipopasa. Wote wawili wanakubali kwamba toba ni kitu cha thamani, na kwamba kuighushi ni dhara.

Ushahidi wa dhara hilo ulitolewa na watu ambao hawakutarajiwa kuutoa. Exodus International, jumuiya iliyoanzishwa Marekani mwaka 1976, kwa miaka mingi iliwaahidi Wakristo wenye mvuto kwa jinsia yao kwamba sala na mashauri vingewageuza. Juni 2013 kiongozi wake, Alan Chambers, aliwaomba radhi walioumizwa, na jumuiya ikafungwa. Alikuwa amekwisha kukiri kwamba karibu wote aliokutana nao hawakugeuka. Hata hivyo hakuyakana mafundisho aliyoyaamini juu ya ndoa. Alichokitubia ni ahadi ambayo hakuwa na mamlaka ya kuitoa. Mhubiri wa toba aligeuka kuwa mwenye kutubu. Kwa upande mwingine, Wesley Hill, mwanazuoni wa Agano Jipya wa Marekani, aliandika kitabu mwaka 2010 akieleza kwamba mvuto wake haujageuka, nao mafundisho ya kale anayaamini, na kwa hiyo amechagua useja. Anayelipa gharama ya imani yake kwa mwili wake mwenyewe ana haki ya kusikilizwa ambayo anayemtoza mwenziwe gharama hiyo hana.

Wapenda mabadiliko hupenda kuutaja utumwa, na mfano huo ni mzito kuliko wanavyoutumia. Shirika la kimisionari la Kanisa la Uingereza lilimiliki mashamba ya Codrington, Barbados, pamoja na watumwa wake, na baadhi yao walichomwa kifuani alama ya jina la shirika. Waliofanya hivyo walikuwa na Biblia mikononi. Februari 2006 sinodi ya kanisa hilo iliomba radhi. Basi, wanasema, Kanisa likikosea huko laweza kukosea hapa. Wapinzani wao hujibu, nao hawana utani, kwamba Maandiko yananena juu ya mtumwa kwa sauti nyingi, hata Paulo akamrudisha Onesimo kwa Filemoni awe ndugu, lakini juu ya jambo hili yananena kwa sauti moja. Na kwamba waliopigana na utumwa walisimama na Maandiko dhidi ya matakwa ya zama zao.

Mabishano hayo hayataishia ukurasa huu. Lakini historia ya utumwa ina funzo jingine, ambalo halimpendelei yeyote. John Newton, aliyetunga tenzi mashuhuri ya neema ya ajabu, alimgeukia Mungu mwaka 1748, baharini, katikati ya dhoruba. Aliacha matusi. Alianza kusali. Kisha akawa nahodha wa merikebu za watumwa hadi mwaka 1754, akisoma sala juu ya sitaha huku watu wamefungwa minyororo chini yake. Aliwekwa wakfu kuwa kasisi mwaka 1764. Mwaka 1788 tu, miaka 40 baada ya dhoruba ile, ndipo alipochapisha ungamo lake juu ya biashara hiyo. Mtu huyu hakuwa mnafiki. Alitubu kweli, ila toba yake ilianzia kwenye dhambi nyepesi kuonekana, ikachelewa kuifikia ile aliyokuwa amesimama juu yake. Nyani haoni kundule. Na kipofu zaidi ni yule aliyekwisha kusafisha uso.

Ukiyatazama mabishano ya makanisa kwa jicho la Newton, utaona yale yaliyo chini ya sitaha. Kiangazi cha mwaka 1998, maaskofu wa Kianglikana walikutana katika Mkutano wa Lambeth, wakapitisha kwa kura 526 dhidi ya 70 azimio kwamba matendo ya mapenzi ya jinsia moja hayapatani na Maandiko. Azimio hilo hilo liliwafunga kuwasikiliza watu wenye mvuto huo, na kuulaani woga usio na sababu juu yao. Kila upande ukaikariri nusu yake. Mwaka ule ule askofu mmoja wa Marekani alisema kwamba Wakristo wa Afrika ndio kwanza wanatoka katika kuabudu mizimu na kuingia katika Ukristo wa ushirikina. Na mwingine, kutoka Nigeria, alijaribu hadharani kumpunga pepo Mkristo mmoja aliyekuwa kiongozi wa kundi la wapenda jinsia moja. Hakuna aliyehitaji mfasiri wa Kigiriki kujua kwamba kumdharau ndugu ni dhambi. Toba ya hapo ilikuwa karibu, haina ubishi, na ilikuwa ya kila mmoja. Iliyotafutwa ilikuwa ya mbali.

Umbali huo huzidi pale dola inapoitwa kusaidia. Mei 2023 Uganda ilitunga sheria inayofikisha adhabu ya baadhi ya matendo hayo hadi kifo. Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, Stephen Kaziimba, aliipokea sheria kwa shukrani, ingawa adhabu ya kifo hakuiunga mkono. Januari mwaka huo, Papa Francis, aliyeyashikilia mafundisho ya kanisa lake, alikuwa amesema kwamba jambo hilo si jinai, na kwamba dhambi na jinai ni vitu viwili. Kwa hoja ya toba, maneno yake yana uzito. Masharti yote ya toba humtaka mtu awe huru: aache kwa hiari, ajute kwa moyo, aazimie mwenyewe. Jela hukomesha tendo, au hulificha, haizai nia. Aliye chini ya mjeledi atasema lolote. Mkristo anayeamini kwa dhati kwamba jirani yake yu dhambini ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kumwepusha na askari, maana askari huiua toba kabla haijazaliwa.

Je, basi, mtu asimwonye mwenziwe? Nabii Nathani alimwonya Daudi. Hakuja na jeshi wala hakuanza na shutuma. Alimsimulia habari ya maskini aliyekuwa na mwana-kondoo mmoja, mfalme akaghadhibika, akatoa hukumu, ndipo akaonyeshwa kwamba amejihukumu mwenyewe. Nathani alihatarisha shingo yake, na toba akamwachia mwenyewe. Huo ndio mpaka wa onyo la halali: muonyaji hubeba hatari, muonywa hubeba uamuzi. Onyo ambalo halimgharimu msemaji chochote, wala halimwachii msikilizaji chochote, halikutoka shule ya Nathani.

Ufa wa mwaka 2007 haukuzibwa. Januari 2023 maaskofu wa Uingereza waliwaomba radhi wapenda jinsia moja kwa jinsi kanisa lilivyowatenda, na mwaka huo huo sala za kuwabariki wawili wa jinsia moja zikaruhusiwa, pasipo kubadili fundisho la ndoa. Viongozi wa makanisa mengi ya Kusini walitangaza kwamba hawamtambui tena Askofu Mkuu wa Canterbury kuwa kiongozi wao. Kila mmoja bado anaisubiri toba ya mwenziwe.

Duara la Mkunazini lipo pale pale. Anayekaribia madhabahu hulipita, na waliolijenga kanisa wangeweza kulificha kwa zulia au kwa kiti cha askofu. Hawakufanya hivyo. Waliiweka meza ya msamaha karibu na mahali pa mjeledi, ili kila ajaye, wa mafundisho ya kale au wa mapya, aione sakafu kabla ya kuinua macho amtazame jirani.