Anayejilinda Usiku Ugenini, Je, Amepungukiwa na Imani?

 

Watu wetu wanasafiri sana. Wamama wanavuka Kasumbalesa kwenda Kitwe, Ndola na Lusaka. Wengine wanapanda basi mpaka Dar es Salaam kununua nguo na vyombo Kariakoo. Wachache wanapanda ndege mpaka Dubai. Tangu nchi yetu ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, vijana nao wanatazama Nairobi na Kampala kama miji ya jirani. Mchana kila mtu ana kazi yake. Lakini jua linatua huko pia. Msafiri anatafuta chakula, anaalikwa na muuzaji wake, anakwenda kutazama mpira, au anataka tu kuona mji na taa zake.

Hapo ndipo linatokea swali ambalo tumelisikia mara nyingi baada ya ibada. Mtu aliyeombewa kabla ya kuondoka, akianza kujilinda kwa kila namna, je, anaonyesha kwamba hana imani? Na akipatwa na mabaya usiku, kosa ni la nani?

Kuna majibu mawili yanayotolewa haraka. La kwanza linasema: «Mungu atanilinda, mambo ya tahadhari ni ya wasioamini.» La pili linasema: «Mkristo hana kazi usiku, akipatwa na neno, amejitakia.» Ukiyasikia unadhani yanapingana. Lakini tazameni vizuri: yote mawili yanamwacha msafiri peke yake. La kwanza linamwacha kabla ya hatari, la pili linamwacha baada yake.

Tuanze na la kwanza. Shetani alimweka Bwana Yesu juu ya hekalu akamwambia ajitupe chini, malaika watamshika (Matayo 4). Bwana alikataa. Hakuwa na shaka juu ya malaika. Alijua kwamba kumtegemea Baba ni jambo moja na kumjaribu ni jambo lingine. Nehemia na watu wake waliomba, na tena wakaweka walinzi mchana na usiku (Nehemia 4). Mtume Paulo alipojua kwamba adui wanamngoja kwenye milango ya Damasko, hakupita mlangoni ili aonyeshe imani yake. Alishushwa ukutani usiku ndani ya kikapu (Matendo 9). Ni nani kati yetu atasema Paulo alipungukiwa na imani? Tena tusisahau kwamba kikapu hakikujishusha chenyewe. Kulikuwa na watu waliokaa macho usiku ule na kushika kamba.

Basi anayejilinda hamwibii Mungu utukufu. Mama anayekwenda kununua bidhaa amebeba feza za likelemba, amebeba masomo ya watoto, na zaidi ya yote amebeba uhai ambao watu wengi nyumbani wanausimamia. Akiucheza, hachezi cha kwake tu.

Sasa ni hatari gani? Wazee wanasema mgeni ni kipofu hata akiwa na macho. Neno hili ni la kweli katika mambo madogo sana. Kwetu magari yanapita upande wa kuume wa barabara. Zambia, Tanzania, Kenya na Uganda yanapita upande wa kushoto. Mtu wetu anataka kuvuka barabara usiku, anatazama upande aliouzoea, na gari linatoka upande wa pili. Hakulewa, hakufanya dhambi yoyote. Ni mazoea tu. Tena saa ya Dar es Salaam inatangulia ya Lubumbashi kwa saa moja. Asiyegeuza saa yake anadhani ni saa nne ya usiku, kumbe ni saa tano, na barabara imeanza kubaki bila watu. Hata Kiswahili chetu kinatutangaza. Ukisema sentensi mbili tu, yule anayemtafuta mgeni mwenye dola mfukoni amekwisha kujua umetoka wapi.

Sheria nazo hubadilika. Sharjah iko karibu kabisa na Dubai, unatoka mji huu na kuingia mwingine kwa gari bila kuona mpaka, lakini Sharjah imekataza pombe kabisa. Mtu anaweza kuondoka mahali ambapo chupa inauzwa hotelini, na baada ya safari fupi akakamatwa kwa sababu ya chupa hiyo hiyo.

Halafu kuna kinywaji chenyewe. Nairobi wana neno lao, «mchele». Wanaita hivyo dawa ya kulevya ambayo mwizi anaitia katika bilauri ya mtu ili alale na kuibiwa. Tusifikiri ni jambo la walevi peke yao. Soda na chai vinaweza kutiwa dawa sawasawa na bia. Kinachomwokoa mtu ni kuona chupa ikifunguliwa mbele yake, na kutorudia bilauri aliyoiacha bila mtu wa kuitazama.

Tena kuna sumu isiyotiwa na mwizi wa mezani, bali na mfanyabiashara mwenye tamaa. Inaitwa methanoli. Ni kileo cha viwandani, na mnywaji hawezi kuitambua kwa ladha wala kwa harufu. Mwaka 2010 huko Kabale, Uganda, waragi iliyochanganywa na sumu hii iliua makumi ya watu. Mwezi wa tano mwaka 2014 Kenya ililia makumi ya watu wake kwa sababu hiyo hiyo. Novemba 2024, katika mji mdogo wa Vang Vieng nchini Laos, wasafiri 6 kutoka Australia, Denmark, Uingereza na Marekani walikufa baada ya kunywa vinywaji vyenye methanoli. Walikuwa watu waliotoka kutembea jioni kama wasafiri wote.

Ubaya wa sumu hii ni kwamba inachelewa. Usiku mtu anaonekana amelewa tu. Kesho yake, baada ya saa nyingi, kichwa kinauma sana, anatapika, macho yanaona ukungu, pumzi inakwenda mbio. Akifikishwa hospitali mapema kuna dawa ya kumsaidia. Akiachwa «alale mpaka pombe imtoke», anaweza kuwa kipofu au kufa. Na hata aliyelewa pombe ya kawaida, akilala chali peke yake, matapishi yanaweza kumziba pumzi. Alazwe ubavu, mtu akae karibu naye, na kama haamki akiitwa apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi.

Mnaona sasa, wapendwa, kwamba katika mambo haya yote mtu anaokolewa na yule aliye pamoja naye. Aliyetiwa dawa hawezi kujisaidia. Anayepofuka hawezi kujitafutia teksi. Basi swali la kweli halisimami tu juu ya msafiri na imani yake. Linasimama juu ya wenzake.

Kumbukeni Yusufu na Maria walipotoka Yerusalemu (Luka 2). Walikwenda safari ya siku nzima bila mtoto, kwa sababu walidhani yumo katika msafara. Hawakuwa wazazi wabaya, na msafara ule ulikuwa wa ndugu na jamaa. Lakini kila mmoja alidhani yuko na mwingine. Hivyo ndivyo inavyotokea usiku ugenini. Wanatoka sita, wanarudi watano, na kila mmoja anasema, «Nilidhani yuko pamoja na fulani.» Neno «nilidhani» halina ubaya ndani yake, lakini limeacha watu wengi barabarani.

Kwa hiyo tunashauri mambo machache, nayo si mazito. Bwana aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili (Marko 6); nasi tusitoke usiku mtu mmoja mmoja. Kabla ya kutoka, wasafiri wapatane saa ya kurudi, na wapatane ni nani atakayekaa bila kunywa kitu chochote cha kulevya jioni hiyo ili awe macho ya wengine. Jina la hoteli na la mtaa liandikwe kwenye karatasi, kwa maana simu inaweza kuzimika au kuibwa. Feza zigawanywe, zisikae zote mahali pamoja, na nakala ya pasipoti ikae mbali na pasipoti yenyewe. Gari la kurudi liitwe na hoteli au na mwenyeji anayejulikana. Pikipiki ya usiku na dereva usiyemjua iachwe. Namba za kuomba msaada zijulikane tangu siku ya kufika: Tanzania ni 112, Kenya na Uganda ni 999 au 112, na Dubai polisi ni 999. Tena kila msafiri ajue kwamba, kwa Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963, mgeni aliyekamatwa ana haki ya kuomba ubalozi wa nchi yake upewe habari. Aombe kwa heshima, bila kelele, lakini aombe. Na neno la mwisho ndilo kubwa: hakuna anayelala mpaka wote wamerudi.

Tunafika kwenye jibu la pili, lile la «amejitakia». Jibu hili linatuhuzunisha zaidi, kwa sababu linatoka vinywani mwa waaminifu. Kijana mmoja wa jumuiya ya jirani alikwenda ng’ambo kununua bidhaa. Usiku wa pili alikula na watu aliokutana nao sokoni, akaamka asubuhi bila feza na bila simu. Aliporudi hakumwambia mtu. Alisema mizigo imezuiliwa kwenye duane. Aliogopa swali moja tu, «Ulikuwa ukifanya nini huko usiku?» Miezi michache baadaye, mwenzake wa kwaya ile ile alikwenda mji ule ule, akakaa meza ile ile, na watu wale wale. Yeye alirudi akiwa mgonjwa, na biashara ya mama yake ikafa. Hapo ndipo wa kwanza alipofungua kinywa.

Nani alimdhuru yule wa pili? Wezi walimdhuru, hilo halina shaka, na dhambi ya mwizi haihamii kwa aliyeibiwa. Lakini hofu ya hukumu yetu iliwasaidia wezi. Ilifunga kinywa ambacho kingeweza kumwonya.

Bwana Yesu aliletewa swali la namna hii. Akawakumbusha watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akawauliza kama walikuwa na kosa kuliko wote wa Yerusalemu, naye akajibu kwamba sivyo (Luka 13). Tarehe 11 Julai 2010 mabomu yaliua watu zaidi ya 70 jijini Kampala usiku. Walikuwa wamekusanyika kutazama mpira, fainali ya Kombe la Dunia, na kati yao walikuwamo wageni wa nchi nyingine. Ni nani atathubutu kusema hao walijitakia? Yule Msamaria naye alipomkuta mtu kando ya njia ya Yeriko hakumwuliza kwa nini alisafiri peke yake. Pengine lilikuwa swali la haki. Lakini alifunga vidonda kwanza.

Hatusemi kwamba kila kinachofanywa usiku ni chema. Ulevi unabaki ulevi, na uasherati unabaki uasherati, ng’ambo na hapa kwetu. Mafundisho juu ya mambo hayo yana saa yake. Lakini saa ya mtu aliyeanguka si saa ya mafundisho. Mlevi aliyelala kando ya barabara ya mji wa kigeni bado ni mtoto wa mtu, na anayempita kwa sababu amelewa amechagua kuwa kuhani na Mlawi wa hadithi ile.

Basi jibu letu ni hili. Anayejilinda hakupungukiwa na imani. Anayewalinda wenzake ametenda kazi ya imani. Na anayempokea aliyepatwa na mabaya, akamsikiliza mpaka mwisho kabla ya kumhukumu, anamlinda hata yule ambaye bado hajaondoka nyumbani.

Tunaomba kila jumuiya ifanye neno moja. Wasafiri wanapoombewa Jumapili, majina yao na mji waendako viandikwe katika daftari, pamoja na jina la mtu mmoja hapa nyumbani atakayengoja habari zao. Wakirudi, wakaribishwe kwa chai na waulizwe njia ilikuwaje, mazuri na mabaya pia. Linalosemwa hapo liwasaidie wanaofuata, lisigeuke kuwa maneno ya mtaani.

Mungu awalinde walio njiani usiku huu, na atupe mikono ya kushika kamba. Amina.