Wazo la Leo: Kuhema si Kupumua

Mchuma chai wa Chepilat, kikapu mgongoni, atauliza: nahema kutwa shambani, zoezi la kupumua la nini tena? Swali lina uzito, ila kuhema kwa kazi huuchochea moyo, kupumua polepole huutuliza. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akishusha hadi 6, kwa pua, tumbo likiinuka, pumzi ikitoka taratibu kuliko ilivyoingia, mapigo hutulia. Na tafiti zinaonyesha kwamba akidumu na zoezi hili wiki kadhaa, presha nayo hushuka kidogo. Kidogo hicho hakimruhusu mtu kuacha dawa za presha, wala hakiponyi pumu. Lakini dakika tano za kila jioni, zisizogharimu hata shilingi, ni nyongeza ya dawa isiyostahili kudharauliwa.