Kiumbe Awezaye Kutengenea

Mwaka 1793 William Godwin, mwandishi wa Uingereza aliyewahi kuwa mchungaji kabla ya kuiacha imani yake, alichapisha kitabu kikubwa kuhusu haki katika siasa, na miongoni mwa madai yaliyowashtua wasomaji wake lilikuwa lile la kumwita mwanadamu kwa kivumishi perfectible, yaani kiumbe awezaye kutengenea. Godwin alijua kwamba neno lenyewe linaweza kupotosha, kwa hiyo alilifafanua kwa uangalifu: hakukusudia kwamba mwanadamu anaweza kufikishwa kwenye ukamilifu, alikusudia kwamba anao uwezo wa kuwa bora kuliko alivyo, kisha bora kuliko hapo, pasipo mwisho. Alikwenda mbali zaidi akasema kuwa maana hizo mbili zinapingana, kwa sababu anayefika kwenye ukamilifu hana tena pa kwenda, na kutengenea kwake kumekoma.

Ufafanuzi huo una thamani kuliko sehemu nyingi za kitabu chake, na watu wa dini wanafaa kuuzingatia hata wakiyakataa mengine yote aliyoyaandika. Katika mazungumzo ya kila siku ya Waswahili, Waislamu kwa Wakristo, husemwa kwamba mkamilifu ni Mwenyezi Mungu peke yake, na kauli hiyo ni ya kweli. Lakini mara nyingi hutolewa pale mtu anapokumbushwa kosa lake, kana kwamba upungufu wa kibinadamu ni ruhusa ya kubaki alivyo. Methali isemayo kuwa tabia haina dawa hutumiwa vivyo hivyo. Kinachosahauliwa hapo ni kwamba ukamilifu ni sifa ya Muumba, na kutengenea ni sifa ya kiumbe kwa sababu hasa kiumbe huyo amepungukiwa. Malaika, kwa mafundisho ya Uislamu, hawamuasi Mungu, na kwa hiyo hawana la kutubia; aliyefunguliwa mlango wa toba ni mwanadamu, na toba haiwezi kuwa na maana kwa kiumbe asiyeweza kuwa tofauti na alivyokuwa jana.

Nguvu ya dai la Godwin hueleweka vizuri ikikumbukwa alikotoka. Alizaliwa mwaka 1756 katika nyumba ya mchungaji, na utotoni alipelekwa Norwich kwa mwalimu aliyeshika mafundisho ya Calvin kwa ukali usio wa kawaida. Mafundisho hayo husema kwamba tangu anguko la Adamu utashi wa mwanadamu umeharibika, hata hawezi kuuelekea wema wa kweli kwa nguvu zake, na kwamba neema ya kumwokoa hupewa wale tu waliochaguliwa na Mungu tangu milele. Godwin aliyageuza mafundisho hayo juu chini. Kwake yeye mtoto haji duniani na wema wala uovu moyoni. Tabia yake hufanywa na mazingira, malezi na serikali anayoishi chini yake, na matendo yake ya hiari hutokana na rai alizonazo, yaani yale anayoyaamini kuwa kweli na yenye faida. Kutokana na hayo alihitimisha kwamba ukweli ukielezwa ipasavyo ni lazima uushinde upotovu, na kwamba maovu ya mwanadamu si ngome isiyobomoka. Mwanafalsafa Rousseau alikuwa ameuzungumzia uwezo huo wa kutengenea kwa Kifaransa mwaka 1755, akaona kwamba uwezo wa kujibadilisha ndio unaomtenga mwanadamu na mnyama, ila yeye aliuogopa, kwa kuwa aliuona kuwa chanzo cha misiba ya mwanadamu. Godwin hakuwa na hofu hiyo.

Hapo ndipo kosa lake lilipo. Kuamini kwamba anayeujua ukweli ataufuata ni kumsahau mtu ambaye Mtume Paulo alimweleza katika Waraka kwa Warumi, ambaye anaijua njia njema, anaipenda, na bado anajikuta akilitenda lile analolichukia. Mlevi hahitaji kuthibitishiwa kwamba pombe inamla, kwani ushahidi anao mwilini mwake. Basi swali la kweli la kifalsafa ni kama mwanadamu anaweza kutengenea licha ya kwamba kujua peke yake hakumtengenezi, na swali hilo lilijibiwa kwa kina, karibu miaka 700 kabla ya Godwin, na Imamu Abu Hamid al-Ghazali, mwanazuoni wa Tus aliyefariki mwaka 1111.

Katika Ihya Ulum al-Din, kitabu kilichoenziwa sana na masharifu wa Hadhramaut na, kwa njia yao, na wanazuoni wa Lamu na Unguja, Ghazali anawakabili watu waliodai kwamba tabia haibadiliki, kwa kuwa tabia ni umbo la ndani, na kama mfupi hawezi kujirefusha, mwenye hasira naye hawezi kujitoa hasira. Jibu lake la kwanza ni kwamba, lau hayo yangekuwa kweli, wasia, mawaidha na adabu zote zingekuwa kazi bure. La pili ni la ndani zaidi, na lina mfano ambao wakulima wa nchi yoyote ya mitende wangeukubali: kokwa ya tende si mtende wala si mtofaa, lakini imeumbwa kwa namna ambayo inaweza kuwa mtende ikipata malezi, na haiwezi kamwe kuwa mtofaa hata ikilelewa vipi. Kwa mfano huo mmoja Ghazali anapata mambo mawili ambayo Godwin hakuyapata pamoja, yaani uwezekano na mpaka. Hasira na matamanio hayang'olewi, wala hayatakiwi kung'olewa, kwa sababu bila hamu ya chakula mtu hufa, na bila hasira hawezi kujikinga na dhuluma. Kinachotakiwa ni yaongozwe mpaka yafike wastani. Njia ya kuyaongoza ni riyadha, yaani mazoezi ya nafsi: bahili ajilazimishe kutoa, mwenye kiburi ajilazimishe kutumikia, na tendo lililoanza kwa kujikalifisha lirudiwe hata moyo ulizoee. Godwin aliyategemea maelezo. Ghazali aliutegemea mkono unaotenda kabla moyo haujakubali, na uzoefu wa watu uko upande wake.

Kuhusu mpaka, Godwin alipata mpinzani mwingine katika Thomas Malthus, ambaye mwaka 1798 aliandika insha yake ya idadi ya watu kwa kumjibu yeye na mwanafalsafa Mfaransa Condorcet. Malthus alisema kwamba kutojua kikomo kilipo hakuthibitishi kwamba kikomo hakipo: wafugaji wanaweza kuzalisha kondoo wenye vichwa vidogo zaidi na zaidi, wala hakuna awezaye kutaja kipimo watakachoishia, lakini ni dhahiri kwamba kichwa hakitatoweka. Hoja hiyo ni sahihi, na bado haimvunji moyo anayejaribu kuacha kusengenya, kwani yeye hahitaji safari isiyo na mwisho. Hatua inayofuata inamtosha.

Hatari kubwa zaidi ilikuja pale sifa hii ilipoacha kuwa wito wa mtu kwa nafsi yake ikawa hukumu yake juu ya wengine. John Stuart Mill, mtetezi mashuhuri wa uhuru, aliandika mwaka 1859 kwamba utawala wa kimabavu ni halali juu ya watu aliowaita washenzi, madhali lengo lake ni kuwaendeleza. Mwaka 1919 ibara ya 22 ya Mkataba wa Shirikisho la Mataifa iliwaelezea watu wa makoloni yaliyonyang'anywa Ujerumani kuwa bado hawawezi kujisimamia, ikaukabidhi ustawi wao kwa mataifa yaliyoendelea kama amana tukufu, na ni kwa msingi huo Uingereza ilipewa Tanganyika. Mkataba huo haukuwaambia Watanganyika kwamba hawawezi kutengenea. Waliambiwa kwamba wanaweza, na kwamba mwingine ndiye atakayeamua lini wametengenea. Huo ni uonevu uliovikwa joho la matumaini, na ulipaswa kukataliwa kwa sauti kubwa kama ulivyokataliwa. Anayedai kuwatengeneza wengine bila yeye mwenyewe kujihesabu miongoni mwa wanaohitaji kutengenezwa amekwisha kutoka katika maana ya neno hili.

Swali la kama mwanadamu anaweza kutengenea halijaisha, kwa kuwa lipo katika kila jela. Zanzibar magereza huitwa vyuo vya mafunzo, jina linalotoa ahadi nzito, kwani linamkubali mfungwa kuwa mtu wa kufunzika na kuidai dola ufundi na muda wa kumfunza. Godwin, aliyepinga adhabu kwa hoja kwamba maumivu hayamshawishi mtu kuwa amekosea, alishangaa pia kwamba mtu afungiwe peke yake ili arudi akiwa mwema kwa watu, ilhali wema ni jambo la kuishi na watu. Swali hilo hufika hata mahakamani: Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya Muruatetu mwezi Desemba 2017, iliamua kwamba hukumu ya kifo isiyompa jaji hiari yoyote inapingana na katiba, kwa sababu inamnyima mshtakiwa nafasi ya kusikilizwa kuhusu hali yake kabla ya kuadhibiwa. Ghazali naye, akieleza nani anaweza kutibika, aliwagawa watu katika daraja nne: asiyejua, anayejua lakini ameshindwa na mazoea, anayeuamini ubaya wake kuwa ndio haki, na anayejifaharisha kwa ubaya huo. Kuhusu wa tatu alisema kwamba tiba yake inakaribia kutowezekana, na kuhusu wa nne kwamba ndiye mgumu kuliko wote. Hata hivyo aliwaweka wote wawili katika mlango wa kitabu unaozungumzia tiba.