Chupa ya Oili ya Breki

Mwembe Tayari, Mombasa, hukosi speya. Ifuate Barabara ya Jomo Kenyatta, uipite sanamu ya askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia, uingie kati ya ofisi za mabasi na maduka: utapata taa ya lori, beringi ya tuktuk, tyubu ya baiskeli, na ukikosa ulichokijia, utapata mtu wa kukwambia kwamba hiki alicho nacho kinafanana nacho. Hapo kwenye "kinafanana" ndipo mpwa wangu alipoumia, na ameniruhusu niyaandike.

Ni mtoto wa dada yangu, ana miaka 22. Alikuwa amenunua baiskeli ya milimani ya mtumba: fremu ya alumini, gia 27, breki za diski za oili mbele na nyuma. Breki hizi hazina waya. Ukibana mkono wa breki, oili husukumwa ndani ya mpira mwembamba mpaka gurudumuni, na huko pistoni hubana pedi mbili kwenye sahani ya chuma. Kidole kimoja chatosha kuisimamisha.

Baiskeli ya milimani tangu mwanzo wake imesumbuliwa na breki. Mwezi Oktoba 1976, vijana wa Marin, California, walianza kushindana kuteremka njia moja ya mlimani karibu na mji wa Fairfax. Baiskeli zao zilikuwa kuukuu, breki yake ni ya kurudisha kanyagio nyuma, na mteremko ule uliichoma grisi ya ndani ya habu mpaka ikatoka moshi. Kila waliposhuka iliwabidi kufungua habu na kupaka grisi upya, na njia yenyewe ikaitwa Repack kwa sababu ya kazi hiyo. Mbio zenyewe za dakika chache, lakini bila ile kazi ya grisi hakuna aliyeteremka tena.

Mpwa wangu kazi ya namna hiyo hakuipenda. Alipenda kuongeza. Mwezi huu usukani mpana, mwezi ujao kanyagio za chuma, kisha foki ya springi inayoshuka milimita 150 kwenye fremu iliyotengenezwa kwa 100, jambo linaloinua mbele na kuikaza shingo ya fremu kuliko inavyostahimili. Siku moja nilimpimia cheni kwa rula. Cheni nzima, vipande 24 kutoka pini hadi pini ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu ya 16 ya inchi, badilisha. Ikizidi kwa sehemu ya nane, ujue imeshayala na meno ya gia. Yake ilikuwa imefika hiyo ya pili. "Mjomba, si inazunguka?" akaniambia. "Acha nimalize foki kwanza." Nikamwacha. Hilo bado laniuma.

Baada ya mvua za Mei breki zikalegea. Ukibana ni kama wabana sifongo. Sababu yake ni ya kawaida: hewa ilikuwa imeingia kwenye mpira. Oili haibanwi ikapungua, hewa hubanwa, kwa hivyo nguvu ya kidole inaishia kwenye viputo badala ya kufika kwenye pedi. Dawa ni kuitoa hewa na kujaza oili kidogo. Kijana akaenda dukani, akaomba oili ya breki, akapewa oili ya breki: DOT 4, ya magari. Muuzaji hakumdanganya. Aliulizwa neno moja, akajibu neno lilo hilo.

Lakini DOT 4 ni glikoli, na breki za baiskeli ile zilikuwa za mafuta ya madini. Kuna kampuni zinazotumia DOT, kama SRAM kwenye breki zake nyingi. Shimano, Tektro na Magura hutumia mafuta ya madini. Kila moja ina raba zilizotengenezwa kukaa ndani ya oili yake. Itie raba ya mafuta ya madini kwenye glikoli, itavimba. Na hata mwenye breki za DOT asiiamini chupa iliyokaa wazi: glikoli hunywa unyevu wa hewa, na hewa ya Mombasa si kavu. DOT 4 mpya haichemki mpaka nyuzi 230. Ikishanywa maji ya kutosha, 155 zatosha.

Alipoitia, wiki ya kwanza breki zilikuwa ngumu, safi. Alinipigia simu kwa furaha. Wiki ya pili rangi ya foki, pale palipodondokewa, ikaanza kuinuka vipele kama ngozi iliyomwagikiwa maji moto. Akadhani ni jua. Kisha mkono wa breki ukawa unarudi polepole, kama mtu aliyechoka. Akaendelea kuendesha.

Asubuhi moja ya Juni alikuwa anateremka kuelekea Kivuko cha Likoni. Anayeujua mteremko ule ajua pia jinsi watu wanavyopanda kwa wingi feri inapofungua. Akabana ya mbele, mkono ukagusa usukani, hakuna kitu. Akabana ya nyuma; ikashika kidogo, ikateleza, maana oili ilikuwa imevuja mpaka kwenye pedi. Mbele yake kina mama na vikapu vyao. Akaukata usukani, akajipiga ukutani. Mtulinga ukavunjika.

Baiskeli niliipeleka mimi kwa mzee mmoja fundi, na kijana akaja na mkono shingoni. Mzee alinusa tu.

"Humu ushatia oili ya gari."

"Ami, si ni ya breki?"

"Ya breki ya nani?"

Akaufungua mkono wa breki, akatoa raba, akaiweka kiganjani kando ya nyingine nzima kutoka mkebe wake. Ya kwetu ilikuwa nene, laini, imejaa kama punje ya kunde iliyolala majini. Akajaribu kuirudisha kwenye mfereji wake, haikuingia. Kisha akakipangusa kifuniko kwa dole gumba, vumbi likatoka, na chini yake maandishi yaliyochongwa: humu ni mafuta ya madini pekee. Kijana aliyasoma kwa sauti, mara mbili.

Hakuna kilichookolewa, si mipira, si pistoni, si pedi. Mzee alimshauri afunge breki za diski za waya. Hazina ulaini wa zile, lakini waya ukikatika, fundi wa Majengo au wa Likoni atakubadilishia kabla ya adhuhuri. Kwangu mimi hiyo ndiyo nyongeza ya kwanza ya maana iliyoipata baiskeli ile.

Mfupa uliposhikana alizifunga mwenyewe, barazani kwangu. Kabla hajagusa hata skrubu moja, aliniomba rula.