Alama ya Shaka

Je, mtu anayetoa kazi yake bure anawiwa nini na yule anayeipokea? Mara ya kwanza nilikutana na swali hili darasani, nikaliandikia kurasa tatu na kulisahau. Mwaka jana lilinifuata hadi Mbugangari, hapa Gisenyi, katika duka dogo la kuchapa na kutoa kopi lisilo mbali na Petite Barrière, na tangu siku hiyo halijaniacha.

Tulikuwa wanafunzi sita, wengine wa lugha, wengine wa kompyuta. Tulijitolea kutafsiri kwa Kiswahili programu huria moja ya kuandikia maandishi na orodha kwenye kompyuta ya mezani. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuubadilisha na kumpa mwingine. Hatukuwa wa kwanza kufanya kazi ya namna hii. Mwishoni mwa mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ambayo ilimwezesha Mswahili kuandika barua na kupiga hesabu bila kupitia Kiingereza. Mwaka uliofuata Kinyarwanda nacho kiliingia katika programu nyingi za namna hiyo. Kwetu sisi wa Rubavu, ambako Kiswahili kilisikika sokoni na mpakani miaka mingi kabla hakijafanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, ilionekana ni zamu yetu.

Kazi yenyewe huendaje? Unapewa faili refu. Kila fungu la maneno linalojitokeza katika programu, kwa mfano jina la kitufe au onyo, limeandikwa kwa Kiingereza, na chini yake kuna nafasi ya tafsiri. Usipokuwa na hakika na tafsiri yako, unauwekea mstari huo alama maalumu, ambayo sisi tuliiita alama ya shaka. Alama hiyo si pambo. Faili linapogeuzwa kuwa sehemu ya programu, mistari yenye alama ya shaka huachwa, na mtumiaji huona Kiingereza kilekile cha awali. Aliyebuni utaratibu huo, nadhani, aliwajua watu vizuri.

Kila Ijumaa tuliwatangazia wenzetu wanaotengeneza programu hiyo, walioko nchi mbalimbali, tulipofikia. Maendeleo yalipimwa kwa asilimia. Asilimia hiyo huhesabu mistari iliyojazwa isiyo na shaka. Haiwezi kujua kama tafsiri ni sahihi. Mwanzoni tulipanda polepole, asilimia mbili, asilimia tatu kwa wiki, na kila wiki tulipongezwa. Pongezi ni tamu, hasa kwa mwanafunzi ambaye hajawahi kupongezwa na mtu wa ng'ambo. Mitihani ilipokaribia na mwendo ukapungua, tuliilisha mashine ya kutafsiri mistari iliyobaki. Kwa kuwa hatukuipitia, ilistahili alama za shaka. Mimi ndiye niliyeziondoa, zote kwa amri moja, usiku, nikiwa nimekaa kitandani. Ijumaa hiyo tulitangaza asilimia 94.

Mwenzetu mmoja aliiweka programu hiyo katika kompyuta ya lile duka la Mbugangari. Mama mwenye duka anajua Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa kiasi, na alifurahi kuona vitufe vinaongea lugha anayoongea na wateja wake. Siku moja alikuwa akiandika hesabu ya kikundi cha akiba cha akina mama wanaovusha nyanya na viazi kwenda Goma. Hawakuwa na daftari. Kila mmoja alimletea karatasi yake, akamsomea kiasi alichochanga, kisha akaondoka nayo kuwahi mpaka. Mchana alitaka kufunga kompyuta. Programu ikamwuliza afanye nini na mabadiliko. Mahali ambapo Kiingereza kilisema yatupwe, tafsiri yetu ilisema: "Weka kando."

Nilipokwenda kumwona hakunipigia kelele. Aliniambia, "Mwanangu, iliandika weka kando. Na mimi niliweka kando." Akanionyesha kwa mkono, kama mtu anayeweka sufuria pembeni ya jiko ili chakula kisiharibike.

Karatasi nyingi zilipatikana jioni, naye akarudia kazi yote bila malipo. Karatasi moja haikupatikana. Mwenye karatasi hiyo alitaja kiasi alichokuwa amechanga, na baadhi ya wenzake wakasema kwamba kilikuwa pungufu ya hapo. Hakuwa na ushahidi. Mwishowe walikubali neno lake, lakini walikubali baada ya kubishana mbele yake, na mtu aliyebishaniwa hivyo haondoki kama alivyokuja. Hili ndilo lililonikera zaidi kuliko kazi iliyopotea. Shaka niliyoiondoa kwenye faili ilikwenda kumwangukia mama ambaye hata hajui kwamba mimi nipo.

Wenzangu walinitetea kwa hoja nzuri, na sipendi kuipita haraka. Walisema kwamba leseni za programu huria hutamka wazi kuwa kitu kinatolewa kama kilivyo, bila dhamana yoyote. Hatukumuuzia mtu. Tungedaiwa kwa kila kosa la zawadi, nani angetoa zawadi? Programu nyingi zinazoendesha dunia leo zimetengenezwa na watu waliojitolea jioni baada ya kazi zao, na lile tamko la kutokuwa na dhamana ndilo linalowawezesha kulala usingizi.

Nakubali kwamba leseni inanilinda mahakamani. Lakini leseni husema na anayeisoma, na hii iliandikwa kwa Kiingereza, katika dirisha ambalo mama yule hakuwahi kulifungua. Yeye alisoma kitufe, na maneno ya kitufe hicho yalikuwa yetu. Zaidi ya hayo, tamko la "kama kilivyo" lina sharti ndani yake: kitu kionekane kilivyo. Nikikupa kiti kibovu na kukwambia kwamba ni kibovu, ukikikalia ni juu yako. Nikipaka rangi penye ufa kisha nikasema "kichukue kama kilivyo", nimekuficha jinsi kilivyo.

Kwa hiyo sidhani kosa letu lilikuwa kutoa kazi ambayo haijakamilika. Hapa natofautiana na mhadhiri mmoja aliyeniambia kwamba tungesubiri hadi tumalize. Tungesubiri, tusingetoa kitu. Linus Torvalds alipoutangaza mfumo wake mwaka 1991, akiwa mwanafunzi Helsinki, alitaja palepale mambo ambayo mfumo huo haukuweza kuyafanya. Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar. Mwaka 1969 akatoa toleo lililosahihishwa, Juliasi Kaizari, akiwa rais wa nchi. Matoleo yote mawili yapo, na yeyote anaweza kuyalinganisha akaona mahali ambapo rais alijisahihisha. Hata yale mafaili ya Kinyarwanda ya mwaka 2005 niliyoyataja, ukiyafungua utakuta juu kabisa maelezo kwamba ni tafsiri ya awali, isiyosafishwa, na chini yake majina ya watafsiri ambao maneno yao yalikusanywa. Niliwahi kuyacheka, kwa sababu mistari mingine ni nusu Kinyarwanda nusu hewa. Sasa nayasoma kwa heshima. Waliotoa kazi ile walimwambia msomaji wasiyemjua ukweli kuhusu kazi yao.

Sisi tulikuwa na njia ileile ya kusema ukweli. Ningeziacha alama mahali pake, kitufe kile kingebaki na neno la Kiingereza. Mama asingelielewa, na kwa kuwa hakulielewa angemwuliza kijana wa duka la jirani, kama alivyozoea kuuliza kila alipokutana na Kiingereza. Tafsiri yetu ilimwondolea sababu ya kuuliza. Ndiyo maana naona kutojua kunakoonekana kuna madhara madogo kuliko ujuzi wa kujifanya.

Linabaki swali ambalo sijalimaliza: je, ningejiona nina hatia kama tafsiri zote za mashine zingetokea kuwa sahihi? Mwenzangu mmoja anasema hapana, kwani asingeumia mtu. Mimi nadhani ndiyo. Asilimia 94 ingekuwa uongo hata siku ambayo kila kitufe kilisema kweli, kwa sababu tulikuwa tukiwaambia watu kwamba tumeipitia mistari ambayo hatukuipitia. Bahati njema ingeuficha uongo huo tu. Lakini nakiri kwamba bila yule mama nisingewaza hivi, na hilo nalo linanisumbua.

Nilirudisha alama za shaka kwenye kila mstari ambao hakuna aliyeweza kukumbuka kuwa aliusoma. Kazi hiyo ilichukua siku tatu, na wenzangu wawili walijitoa kwenye kikundi, mmoja kwa hasira. Ijumaa iliyofuata tulituma taarifa kwamba tuko asilimia 57, pamoja na maelezo ya sababu. Jibu lililokuja lilikuwa fupi: walituomba tuwatajie vitufe vinavyofuta kazi ya mtu, ili vipitiwe kwanza. Vilikuwa kumi na kimoja. Nilivichapa kwenye karatasi, nikaenda nayo Mbugangari, na mama yule akanieleza, kimoja baada ya kingine, angeelewa nini kama angekutana nacho.