Haki ya Kuugua

Lugha yetu ina neno moja kwa mambo mawili. Kuugua ni kuwa na maradhi, na kuugua ni kutoa ile sauti ya chini ya mtu aliyebanwa na maumivu. Anayemhudumia mgonjwa humuuguza, naye tunamwita muuguzi. Na ukilichambua neno hilo kwa sarufi ya darasani, muuguzi ni yule anayemwezesha mwenzake kuugua. Nimefundisha sarufi hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini katika shule za Tanga na Muheza, lakini ni goti lililonifanya nilitazame neno hili usoni.

Swali lenyewe, ndugu msomaji, ni hili. Mtu anaumwa usiku wa manane. Pembeni yake amelala mtu anayempenda, naye amechoka. Je, ana haki ya kumwamsha? Na akinyamaza mpaka alfajiri, ametenda wema, ama ameficha kitu ambacho si chake peke yake?

Goti langu la kulia lilibadilishwa Dar es Salaam, baada ya kulika kwa miaka kumi na moja. Wapo wanaodhani kwamba goti zima hutolewa likawekwa jingine, kama seremala abadilishavyo bawaba. Sivyo. Daktari hukata ncha ya chini ya mfupa wa paja na ncha ya juu ya mfupa wa muundi, pale ambapo gegedu imekwisha, akazivika vifuniko vya madini, aghalabu mchanganyiko wa kobalti na kromu, na katikati akaweka kipande cha plastiki ngumu ili madini yasisagane. Utaalamu huu ulikomaa katika miaka ya 1970. Zamani zaidi, mwaka 1890, daktari mmoja wa Berlin aitwaye Themistocles Gluck aliwatilia wagonjwa magoti yaliyochongwa kwa pembe za ndovu, nayo yakaharibika kwa usaha. Kila nikilikumbuka jambo hilo huwafikiria wapagazi. Miaka ileile pembe zilikuwa zikiteremka Pangani na Bagamoyo mabegani mwa watu, na mtu aliyebeba mzigo wa ratili sitini au sabini kutoka bara alikuwa na magoti mawili ambayo hakuna aliyeyauliza hali.

Mchana wa mgonjwa wa goti si mbaya. Kuna wageni, kuna mazoezi ya kukunja na kunyoosha, kuna redio, kuna watoto wa jirani wanaotaka kuuona mshono. Usiku ndiko maumivu yanakohamia. Madaktari wana maelezo yao: mguu uliotembezwa kutwa huvimba jioni, kortisoli, kemikali ya mwili inayotuliza uvimbe, hushuka sana katikati ya usiku, vidonge vikali vya maumivu navyo huvuruga usingizi hata vinapotuliza. Zaidi ya yote, usiku hakuna jambo jingine la kuishughulisha akili. Tena kuna suala la mto. Goti huomba liwekewe mto chini yake, likae limekunjika kidogo, na hapo hutulia kweli. Lakini goti jipya likizoea kukunjika halitanyooka vizuri tena, kwa hiyo mto wa sufi huwekwa chini ya kisigino, goti likaachwa likining'inia hewani, likilalamika. Kitanda changu cha kamba, kile cha teremka tukaze nilichokipenda tangu ujana, kilitolewa nje kwa sababu kinabonyea katikati. Barafu tulinunua kwa jirani, tukaifunga katika kanga na kuiweka juu ya goti dakika ishirini kabla ya kulala, na kidonge cha mwisho tukakisogeza karibu na saa ya kulala. Yote hayo husaidia, wala simwambii mtu ayapuuze. Hata hivyo, mtu aliyelala chali wiki baada ya wiki ndani ya chandarua, hapa Ngamiani, mwezi wa Februari, umeme umekatika na feni imesimama, huyo anaujua urefu wa saa moja.

Hospitalini nilifundishwa kutaja maumivu kwa namba, kuanzia sifuri hadi kumi. Nyumbani mke wangu aliigeuza namba hiyo kuwa mkataba. Ikiwa tano au chini yake, nivumilie, nihesabu, nigeuze mto. Ikifika sita, nimwamshe. "Mwalimu," aliniambia, "mimi si mlinzi wa benki. Nitalala. Lakini ukifika sita ukanyamaza, tutakosana."

Mkataba ulikuwa mzuri. Mgogoro ulizuka juu ya hesabu. Asubuhi moja aliniuliza namba ya usiku, nikamjibu nne, nami nilikuwa nikisema kweli kadiri nilivyojua. Akanitazama. "Wewe wasema nne. Usingizi wako ulikuwa ukisema nane. Umeugua mpaka muadhini." Nikamkumbusha kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, maumivu yana mwenyewe, na mwenyewe ndiye shahidi. Akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye chai: "Kitanda hicho nami nakilalia."

Nimelitafakari jibu hilo kuliko kitabu chochote. Tunapenda kusema kwamba maumivu ni siri ya mtu na nafsi yake, na kwamba hakuna awezaye kuyahisi ya mwenzake. Ni kweli. Lakini mtu aliyelala hajisikii akiugua. Kuna sehemu ya maumivu yangu ambayo mimi mwenyewe siijui ila kwa kuambiwa na yule aliyekuwa macho. Ikiwa ni hivyo, basi maumivu hayo si mali yangu ya kufungia sandukuni nitakavyo.

Wako waliofundisha kinyume. Mwanafalsafa Posidonius, aliyeishi kisiwani Rhodes zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, alikuwa mgonjwa wa viungo. Cicero anasimulia kwamba jemadari Pompey alipokwenda kumwona alimkuta amelala kitandani, naye akamtolea hotuba juu ya wema. Na kila maumivu yalipomchoma aliyaambia kwamba, hata yakimsumbua namna gani, hatakiri kamwe kuwa ni ubaya. Nauheshimu moyo huo. Ila nakumbuka kwamba Posidonius alikuwa mbele ya mgeni mkubwa. Jemadari alipokwenda zake na taa zikazimwa, ni nani aliyemgeuzia mto? Cicero hakumtaja mtu huyo, na kwangu mimi huyo ndiye aliyekuwa na habari kamili.

Pwani yetu haina haja ya Posidonius, kwa kuwa ina Ayubu, aliyetungiwa hata utenzi wake. Mgonjwa akilalamika kidogo ataambiwa amkumbuke Nabii Ayubu, kana kwamba Ayubu alikuwa bubu. Hakuwa bubu. Katika Kurani alimlilia Mola wake kwamba dhara imemgusa, na bado ameitwa mwenye subira. Katika Biblia alisema zaidi, hata akailaani siku aliyozaliwa. Subira, basi, kwa mafundisho yote mawili, haikuwa kufunga mdomo. Hata ibada yenyewe haimtaki mgonjwa ajifanye mzima: asiyeweza kusimama huswali ameketi, na asiyeweza kuketi huswali amelala ubavu. Mimi naswali juu ya kiti, maana goti jipya hukunjika lakini halipendi kupigiwa sakafuni, na sijasikia kwamba sala yangu imepungua.

Nasema haya kwa sababu ukimya unaweza kudhuru. Mzee mmoja wa mtaa wetu, fundi wa mashua, alivunjika mguu akawekewa chuma. Alirudi nyumbani akasifiwa kila kibaraza: huyu hakuugua, huyu ni mwanamume. Usiku mmoja shavu la mguu likavimba, likawa la moto. Alinyamaza siku tatu, kwa kuwa binti yake aliyekuwa akimuuguza alikuwa na mtoto mchanga, na usingizi wake ulikuwa wa kuokoteza. Ilikuwa damu iliyoganda mshipani, ambayo ingeweza kung'oka ikaenda mapafuni na kumwua kabla ya kukucha. Alilazwa, akapona. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, wakacheka naye, yakaisha. Kwa binti hayakuisha. "Baba alinidhulumu, Mwalimu," aliniambia. Nikamwuliza vipi, maana mzee alimwachia alale. Akasema: "Angekufa, mimi ningekuwa ndiye niliyelala."

Neno dhuluma ni kali, wala sikulitegemea. Lakini tazama alichofanyiwa. Mzee alimpa zawadi ya usingizi ambayo hakuiomba, na pasipo kumwuliza akambebesha uwezekano wa kuikumbuka zawadi hiyo maisha yake yote. Ukarimu wa namna hii, wa mtu anayeamua peke yake mwenzake aweze nini na asiweze nini, hufanana mno na kiburi. Ndiyo maana kila aliyebadilishiwa goti huambiwa asinyamazie shavu la mguu linalovimba na kuuma, homa, jeraha linalotoa maji, au pumzi inayobana. Hayo hayana namba. Hayo humwamsha mtu hata kama amelala dakika tano zilizopita.

Hata hivyo siwezi kukubali kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kila kitu. Wako wanaoufanya ugonjwa ufalme. Kikombe kikichelewa ni kelele. Mto ukiwa kombo ni kelele. Nyumba nzima hulala kwa zamu kama wanamaji. Muuguzi naye ana mwili. Mke wangu ana presha na miaka sitini na sita, na usingizi uliokatwa mara nne usiku si jambo dogo kwa moyo wake. Kama maumivu yangu si yangu peke yangu, kadhalika uchovu wake si wake peke yake. Ndiyo maana naona mkataba ni bora kuliko huruma. Saa nane za usiku mimi si mwamuzi mwema, kwa kuwa naumwa. Yeye naye si mwamuzi mwema, kwa kuwa ametoka usingizini. Yafaa watu wakubaliane mchana, wakiwa wameketi, kabla ya mmoja kuhitaji na mwingine kuchoka.

Adabu yetu haiyarahisishi mambo haya. Mswahili akiulizwa hujambo, hujibu sijambo, hata kama amebebwa kwenye machela. Sikatai, nimefundisha watoto wengi kujibu hivyo. Lakini lugha hiyohiyo imetuwekea neno dogo la kutokea: ila. Habari za asubuhi? Njema, ila mguu. Umelalaje? Salama, ila tangu saa tisa. Wageni waliokuja kunipa pole wengi walisikia "njema" wakapita moja kwa moja kwenye habari za mpira. Wachache walisubiri ila. Hao ndio niliowapa namba.

Na hapa huwarudia wapagazi, na baada yao wakata mkonge, tangu zao hilo lilipoletwa mwaka 1893. Wengi walikuwa watu wa mbali, wakilala kambini safu kwa safu, magoti yamechoka kwa kuinama. Naamini waliugua usiku. Mwili hauna njia nyingine. Walilala kati ya watu waliochoka vilevile, katika nchi isiyokuwa na mama yao wala mke wao. Goti la kobalti ni la mamilioni ya shilingi, na bado wengi hawalipati. Lakini hata aliyekosa goti angestahili mtu mmoja wa kumwuliza namba.

Mkataba wetu ulikufa wenyewe katika juma la tisa, nilipoanza kulala saa tano mfululizo, kisha sita. Kisigino kilishuka kutoka juu ya mto, nikaweza kulala ubavu na mto katikati ya magoti. Lakini mke wangu ameshazoea. Saa nane za usiku macho yake hufunguka yenyewe, husikiliza pumzi yangu, kisha hukaa macho mpaka alfajiri akifikiri mambo yake. Juzi nilishtuka nikamkuta ameketi kitandani gizani. Nikamwuliza namba yake. Akafikiri kitambo, kama mtu asiyepata kuulizwa, akasema, "Tatu. Ila kiuno."